Breki ya mtutu, kiwambo cha sauti au mtutu mtupu? Ulinganisho kwa mwenye bunduki ya kupigia mbali

Rafiki yangu mmoja wa hapa Lubumbashi amepata kibali cha kuwinda na kununua bunduki ya bolti (unaijaza kwa mkono kila risasi) ya kaliba, yaani saizi ya risasi, .300 Winchester Magnum. Alipiga risasi sita za kwanza akiwa amelala kifudifudi, akarudi nyumbani bega limebadilika rangi, na jioni hiyohiyo akanipigia simu: "Yaya, hii kitu inapiga teke kama punda. Wananiambia nifunge breki kwenye mtutu. Nifunge?"

Kabla ya kumjibu nilimuuliza swali moja: ukipiga, nani anasimama pembeni yako? Alinyamaza. Hata mimi sikuwahi kujiuliza hilo wakati nafunga yangu, na kuna mtu aliyelipia. Ndiyo maana namwandikia yeye, na kila mwenye swali kama lake, kwa urefu kidogo.

Njia ziko nne. Unaweza kufunga breki mdomoni mwa mtutu. Unaweza kufunga kiwambo cha kuzuia sauti. Unaweza kuacha mtutu mtupu na kushughulikia kitako na uzito. Au unaweza kushuka kaliba, yaani kuchukua bunduki ya risasi yenye nguvu ndogo, njia ambayo watu hawapendi kuisikia.

Breki: inapata wapi nguvu yake

Teke la bunduki linatokana na vitu viwili vinavyokimbilia mbele: kichwa cha risasi, na gesi ya baruti inayokisukuma. Wengi wanakumbuka kichwa peke yake. Chukua hiyo .300. Kichwa cha gramu 11.7 kinatoka kwa mwendo wa mita 900 hivi kwa sekunde. Nyuma yake kuna gramu 4.5 hivi za baruti iliyokwisha kuwa gesi, na gesi hiyo ikifunguliwa mdomoni inakimbia kuliko risasi yenyewe. Ukiihesabia mita 1400 kwa sekunde hauko mbali. Zidisha uzito, kwa kilo, kwa mwendo: kichwa kinakupa msukumo wa 10.5, gesi inakupa 6.3. Yaani zaidi ya theluthi ya kinachokugonga begani ni hewa moto tu. Bunduki ya kilo 4 itarudi nyuma na nguvu ya juli 35 hivi (juli ni kipimo cha nishati).

Breki ni kipande cha chuma chenye matundu ya pembeni. Kichwa kinapita katikati, gesi inagonga kuta za matundu na kugeuzwa pembeni, na kwa kugonga kuta hizo inaivuta bunduki mbele wakati bunduki inataka kurudi nyuma. Kama ungeweza kuifuta gesi yote kwenye hesabu ile, juli 35 zingebaki 14. Breki nyingi za kawaida hazifiki huko. Zinapunguza kati ya theluthi na nusu. Zile zenye matundu yaliyoelekezwa nyuma zinapunguza zaidi, na nitaeleza gharama yake.

Ukishaelewa kwamba breki inakula gesi, unaelewa pia bunduki gani inafaidika nayo. Kaliba yenye baruti nyingi na kichwa chepesi inafaidika sana. Kaliba kubwa ya zamani kama .375 H&H, ya mwaka 1912, ina kichwa cha gramu 19 na baruti karibu sawa na ya .300, sehemu ya gesi katika teke lake inashuka hadi asilimia 30 hivi. Breki itasaidia, lakini bega litaendelea kujua kwamba limeshika .375. Na .308 Winchester, yenye juli 20 na kitu, haihitaji kusaidiwa na chochote ikiwa kitako kinakufaa.

Faida ya breki siyo bega peke yake, na hapa nataka kuitendea haki. Teke kubwa linamfundisha mtu kuogopa. Baada ya risasi kumi au ishirini za .300, mwili unaanza kujikunja sekunde moja kabla ya kufyatua: jicho linafumba, mkono unavuta kwa kushtuka, na risasi inakwenda sentimita 20 pembeni kwenye mita 200. Mwindaji wa namna hiyo anajeruhi wanyama na kuwapoteza. Breki inasaidia kuiondoa hofu hiyo. Pia mtutu hauruki, kwa hiyo jicho linabaki ndani ya darubini na unaona risasi inapotua. Kwa anayepiga mita 400 uwanjani, hilo ni jambo kubwa: unajisahihisha mwenyewe bila mtu wa kukuambia "juu, kushoto".

Kwa hiyo breki inafanya kile inachoahidi. Swali ni gesi ile inakwenda wapi baada ya kugeuzwa.

Inakwenda kwa jirani

Mtutu mtupu unatupa mlipuko wake mbele, mbali na watu. Breki inaukata na kuutupa pembeni, na ile ya matundu ya nyuma inaurudisha nyuma kabisa. Bunduki kubwa ya kuwindia inatoa kilele cha desibeli 160 hivi kwenye sikio la mpigaji. Ukifunga breki, unaongeza desibeli kadhaa juu ya hapo, na aliyesimama pembeni usawa wa mdomo wa mtutu anapata zaidi yako. Kipimo ambacho wataalamu wa masikio wanakitaja kwa mlio wa ghafla, kwamba juu yake mtu mzima anaumizwa hata kwa mara moja, ni desibeli 140. Usidanganyike na udogo wa tofauti ya namba hizo. Kila desibeli 10 zinazoongezwa ni nguvu mara kumi.

Ilikuwa kiangazi, bunduki yangu ikiwa na breki, kwenye shamba la wanyama la mtu binafsi upande wa barabara ya Kasenga. Pistere wetu, yaani msoma nyayo, alikuwa papa mmoja, mzee aliyevuka miaka hamsini, mtu mtaratibu, anayeweza kukusomea njia ya kongoni kwenye ardhi ngumu ambapo wewe unaona majani makavu tu. Alinisimamishia fito tatu za kuegemeza bunduki, akasogea nusu hatua mbele upande wa kushoto, akainua darubini yake. Mimi nilikuwa na kaske ya kukinga masikio. Yeye hakuwa na kitu. Sikuuliza, na yeye hakusema, kwa sababu pistere hasemi mambo kama hayo kwa mwenye bunduki. Kongoni alikuwa mita 210, amesimama ubavu. Nikafyatua.

Mnyama alianguka palepale. Nilipogeuka ili tufurahi pamoja, papa alikuwa anachuchumaa polepole, kiganja kimefunika sikio la kulia, mdomo wazi kidogo. "Papa, uko sawa?" Hakujibu. Nilirudia. Akaniangalia midomo.

Jioni tulikaa motoni na sahani ya bukari (ugali) katikati. Papa alinawa mikono, akatoa simu yake, akaiwekea mlio, akaisogeza kwenye sikio la kushoto. Halafu la kulia. Halafu tena la kushoto, tena la kulia. Kisha akaizima, akairudisha mfukoni na kumega bukari. Hakuna aliyezungumza. Mvumo wa sikioni ulimwisha baada ya siku kadhaa, lakini mpaka leo ukimwita kutoka upande wa kulia anageuza kichwa kizima kutafuta sauti ilikotoka.

Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa habari ya ubongo. Zikifa, hazioti tena. Hakuna dawa ya kuziotesha, si hapa, si Afrika Kusini, si Ulaya. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti kali na nyembamba: herufi s na f, ndege wadogo, sauti ya mtoto anayekuita kutoka chumba kingine. Kwa mtu wa ofisini huo ni usumbufu mzito. Kwa pistere ni jembe lake limevunjika mpini, kwa sababu anamtafuta mnyama kwa sikio kabla ya jicho: kijiti kilichokatika, mlembe anayepiga kelele, kwato zikigusa jiwe ng'ambo ya kichuguu.

Sisi watu wa mji wa shaba tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Nani hapa hana baba mdogo au jirani aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye mashine, ambaye leo ukimsalimia lazima upaze sauti? Wao hawakuchagua.

Vizibo na kaske vinasaidia, lakini hesabu yake uifanye kwa uaminifu. Kaske nzuri inapunguza desibeli 25 mpaka 30. Toa 30 kwenye 165 unabaki na 135, yaani umepita chini ya mstari kwa shida. Ukivaa vizibo ndani na kaske juu havijumlishwi. Unapata desibeli 5 hivi za ziada. Kwa breki mimi nasema vyote viwili, na kwa kila mtu, siyo kwa mpigaji tu. Ziko kaske zenye kipaza sauti kidogo zinazokuacha usikie mnong'ono na kufunga mlio mkubwa. Kama una pesa ya breki, anza na kaske mbili za aina hiyo, na ya kwanza umpe pistere.

Jambo la mwisho kuhusu breki ni vumbi. Udongo wetu unaujua. Kati ya Mei na Septemba, ukilala kifudifudi na breki yenye matundu mpaka chini, kila risasi inainua wingu jekundu mbele ya darubini, na ile faida ya kuona risasi inapotua inapotea yote. Ukilazimika kununua, chukua yenye matundu ya ubavuni tu.

Kiwambo cha kuzuia sauti

Kwa upande wa ufundi peke yake, hiki ndicho kinachoshinda. Kinaikamata gesi ndani ya vyumba vyake, kinaiachia ikiwa imepoa na kuchoka, na hivyo kinapunguza teke na mlio kwa pamoja. Teke linashuka asilimia 20 mpaka 30, pungufu ya breki. Mlio unashuka desibeli 20 mpaka 35. Bunduki bado inasikika vizuri, tofauti na sinema, kwa sababu risasi inayokwenda mita 900 kwa sekunde inapasua hewa kwa mwendo unaozidi mara mbili na nusu ule wa sauti, na mpasuko huo haufungiki. Lakini masikio ya watu wawili yako salama zaidi kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Ubaya wake ni uzito wa gramu 300 mpaka 600 mbele kabisa ya mtutu, na urefu wa sentimita 15 mpaka 25 unaonaswa na matawi ya miombo kila hatua. Baada ya risasi kadhaa mfululizo kinapata moto na mvuke wake unacheza mbele ya darubini.

Na kuna sheria. Norway na Finland mwindaji mwenye kiwambo ni jambo la kawaida, na Afrika Kusini pia wanakitumia. Marekani kinaandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1934. Kwetu Kongo, uwindaji unasimamiwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha zina sheria yake ya mwaka 1985. Usinunue kiwambo ng'ambo na kukivusha mpaka wa Kasumbalesa ndani ya begi ukidhani ni kipuri kama vingine. Ipelekee swali ofisi iliyokupa kibali cha silaha, upate jibu lenye muhuri, ndipo ufungue pochi.

Nina sababu nyingine, na hii ni maoni yangu. Walinzi wa hifadhi za Upemba na Kundelungu wanaitegemea sauti ya bunduki kuwajua majangili. Katika nchi ambayo bunduki zimeua watu wengi kiasi hiki, mtu anayetembea porini na bunduki isiyopiga kelele anajitafutia mashaka, hata kama karatasi zake zote ziko sawa. Ukienda kuwinda nchi inayokiruhusu, kitumie na ufurahi. Hapa nyumbani sikushauri.

Mtutu mtupu, na kitako kinachokufaa

Njia hii inadharauliwa kwa sababu haina kitu cha kuonyesha marafiki. Mpira laini wa kitako haupunguzi hata juli moja, lakini unazigawa kwa muda mrefu zaidi na eneo kubwa zaidi la bega, kwa hiyo ngumi inakuwa msukumo. Kuongeza nusu kilo kwenye bunduki ya kilo 4 kunapunguza nguvu ya teke kwa asilimia 11. Na mara nyingi teke baya linatokana na urefu wa kitako: bunduki iliyotengenezwa kwa mtu mrefu wa Ulaya, mikononi mwa mtu wa mita 1.65, inakaa nje ya bega kwenye mfupa. Rafiki yangu yule, nilipokwenda kumwona akipiga, shida yake nusu nzima ilikuwa hiyo. Tulifupisha kitako sentimita 2, tukaweka mpira mpya, na alipiga risasi nane bila kulalamika.

Nusu nyingine ilikuwa kulala kifudifudi. Ukilala, mwili hauna pa kwenda. Teke lote linabaki begani. Simama, tumia fito, mwili utayumba na kulipokea. Risasi za kulala uzifanye chache, na ukiwa mezani uwanjani weka kifuko cha mchanga kati ya kitako na bega.

Kushuka kaliba

Hapa ndipo ningemfikisha kila anayeniuliza, kama angenisikiliza. Uliza kwanza unapiga wapi. Ndani ya miombo, majani yakiwa bado marefu, tohe au pongo unamwona kwenye mita 80, mita 120. Kwenye mbuga iliyoungua labda 200. Sehemu za wazi kweli, kama tambarare za Bangweulu upande wa Zambia wanakowindia lechwe weusi, zinakupa mita 250 au 300, na hapo mwindaji mwenye busara bado anajaribu kusogea.

Sasa linganisha. Ukirekebisha darubini kwa mita 100, kichwa cha .308 kwenye mita 300 kinashuka sentimita 46 hivi, na cha .300 Magnum kama 36. Sentimita kumi. Kwa hizo kumi umenunua teke lililoongezeka zaidi ya nusu, ukanunua na breki ya kulitibu, na breki imemwumiza mtu pembeni. 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, inapiga teke la juli 17 au 18 tu na kwenye mita 400 haiachwi nyuma kwa namna ambayo swala atajua. Risasi za .308 na .30-06 ni rahisi kupatikana katika kanda yetu kuliko za kaliba mpya, na jambo hilo nalo uliweke kwenye mizani kabla ya kuagiza.

Wanyama wa hatari, nyati na wenzake, ni habari nyingine. Nchi nyingi za Afrika zinataka .375 na kuendelea, na hapo hutashuka. Lakini nyati hapigwi mbali, na waongozaji wengi wa kusini mwa Afrika hawakubali kabisa uje na breki, kwa sababu wao ndio wanaosimama bega kwa bega na wewe.

Kama bado unaitaka

Anayepiga shabaha za mbali uwanjani, peke yake, na kaske juu ya vizibo, afunge breki. Mwenye bega lililowahi kufanyiwa upasuaji na hana bunduki nyingine, afunge, kwa sharti la masikio ya wenzake. Hao ndio ninaowakubali.

Kazi ya kukata hesi (mizunguko ya skrubu ya kufungia breki) usimpe kila fundi mkereza. Mjini kwetu kuna wakerezaji hodari sana, waliojifunza kwenye mashine za migodi, na ndiyo hatari yenyewe: atakutengenezea hesi safi ambayo haijakaa sawa na tundu la mtutu, maana ameipima kutoka nje ya chuma. Tundu na nje mara nyingi havilingani. Breki ikikaa upande kwa nusu milimita, risasi inaweza kugusa ukuta wake. Mwombe aipime kutoka ndani ya tundu, na kabla ya risasi ya kwanza pitisha fito nyoofu ya chuma yenye unene wa karibu wa tundu, uone nafasi iko sawa pande zote. Ukingo wa mdomo wa mtutu asiuguse kabisa.

Ukishafunga, rekebisha darubini upya. Uzito mpya mdomoni unabadilisha mahali risasi inapotua, na ukiivua utarudi kurekebisha tena. Usiivue asubuhi ya kuwinda ukadhani mambo yako palepale.

Yangu niliivua mwezi uleule. Mdomoni sasa kuna kofia tu ya kulinda hesi, kitako kina mpira mzito, na kwa kazi nyingi natoka na .308. Ninapokwenda na papa, nasubiri aingize vizibo vyake, ainue kidole gumba, ndipo nashusha shavu kwenye kitako. Kongoni wawili wameshaondoka nikisubiri kidole hicho.